Kibao cha Chapa kwa Mashine ya Leza: Mambo ya Kujua Kabla Kikundi Hakijaomba Mkopo

Mwananchi anayefika ofisi ya mtendaji wa kata kuchukua barua ya utambulisho hutazama jambo moja kabla ya kuondoka: muhuri. Barua isiyo na muhuri hurudishwa benki, hurudishwa shuleni na hurudishwa kila dirisha linalohitaji uthibitisho. Wachache hujiuliza kipande kile cha mpira kilichobandikwa kwenye mpini kimetengenezwaje. Muhuri ni mfano ulio karibu zaidi na kila kaya wa ufundi wa kale wa kuchapa kwa kibao chenye sehemu zilizoinuka na sehemu zilizochimbwa. Kilichoinuka hupokea wino, kilichochimbwa hubaki kikavu, na karatasi au kitambaa huguswa na kile tu kilichoachwa juu.

Ufundi huo huo hutumika kupamba vitambaa vya meza, mifuko ya kununulia bidhaa, kadi za harusi, vifungashio vya kahawa na chai, na sare za vikundi vya ngoma au kwaya. Kwa karne nyingi vibao vilichongwa kwa patasi na kisu. Siku hizi kazi ya kuchonga inaweza kufanywa na mashine ya leza inayoongozwa na kompyuta, na mashine za aina hiyo hutumika katika karakana za mihuri, ngao za zawadi na mabango. Makala haya yanaeleza namna vibao hivyo vinavyotengenezwa, hatari zilizopo, na hesabu ambayo kikundi kinapaswa kuifanya kabla ya kuingia katika deni.

Ufundi wenye historia

Katika karne ya 19, kabla viwanda vya Ulaya na baadaye vya Asia havijaliteka soko la kanga, mafundi wa pwani ya Afrika Mashariki walipiga chapa kwa mkono vitambaa vya merikani kwa kutumia vibao vya mbao. Nchini India, katika miji ya Bagru na Sanganer karibu na Jaipur, kazi hiyo ingali hai hadi leo. Mafundi wa huko huchonga vibao vya msaji, huvitoboa matundu madogo ili hewa na rangi ya ziada vipate pa kutokea, kisha huviloweka katika mafuta ili visipasuke. Kibao kimoja chenye maua madogo kinaweza kumchukua mchongaji siku kadhaa.

Katika Nyanda za Juu Kusini malighafi ya michoro haihitaji kuagizwa kutoka mbali. Vikapu vya Iringa vinavyosukwa kwa milulu vina mistari na pembe zinazokubali kugeuzwa kuwa kibao. Vyungu vya Wakisi vinavyouzwa Matema, kando ya Ziwa Nyasa, vina mapambo yake. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ambayo wengi huiita Bustani ya Mungu, ina okidi za aina nyingi. Misitu ya Mlima Rungwe ni makazi ya kipunji, nyani ambaye sayansi ilimtambua rasmi mwaka 2005. Mjini Iringa, kituo cha Neema Crafts kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana kimeonyesha kwa miaka mingi kwamba kazi za mikono za watu wenye ulemavu, zikiwemo za ufumaji na karatasi za kutengeneza kwa mkono, zinaweza kuwa chanzo cha ajira. Mnunuzi wa bidhaa za namna hiyo hulipia mchoro na ubora wa kazi. Aina ya mashine iliyotumika haimhusu.

Leza inavyochonga

Mashine inayotumika zaidi kwa vibao ni ya leza ya kabonidayoksaidi. Ndani yake mna mrija wa kioo unaotoa mwale usioonekana kwa macho. Mwale huo huelekezwa kwa vioo vitatu hadi kwenye lenzi, ambayo huukusanya uwe nukta ndogo kuliko kichwa cha pini. Palipoguswa na nukta hiyo, mbao, mpira, ngozi au akriliki huungua na kuwa mvuke. Kompyuta huiongoza nukta kufuata mchoro: mahali peusi huchomwa, mahali peupe huachwa, au kinyume chake kulingana na maelekezo.

Zipo pia mashine ndogo za leza ya diodi zinazotoa mwanga wa buluu. Bei yake ni ndogo, lakini huchonga polepole zaidi na nyingi huuzwa bila kifuniko, jambo linaloongeza hatari kwa macho. Aina zote mbili zenye nguvu ya kawaida ya karakana ndogo hazifai kukatia vyuma.

Kazi huanza kwenye mchoro. Mchoro uliochorwa kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe unaweza kupigwa picha, kuingizwa kwenye kompyuta na kusafishwa kwa programu ya bure kama Inkscape. Rangi za kijivu ziondolewe, kwa kuwa kibao hakijui kijivu. Sehemu ama inachapa ama haichapi. Mistari isiwe myembamba kupita kiasi, hasa kwa kitambaa. Mstari wa chini ya milimita 1 huweza kuvunjika kwenye mbao au kujazwa na rangi.

Hatua inayosahaulika mara nyingi ni kuugeuza mchoro kushoto kwenda kulia, kama unavyoonekana kwenye kioo. Chapa hutokea kinyume cha kibao. Neno MAMA lisipogeuzwa kwenye kompyuta, litachapika AMAM, na kibao hakirekebishiki tena. Kila mchoro wenye maandishi ukaguliwe na watu wawili kabla mashine haijawashwa.

Dakika za mashine ni fedha

Karakana nyingi hutoza kwa muda ambao mashine imefanya kazi. Kwa sababu hiyo mteja anafaidika akielewa njia mbili za kutengeneza kibao.

Njia ya kwanza ni kuchimba. Leza hupita mstari kwa mstari, kama mtu anayelima shamba kwa matuta, na kuunguza sehemu yote isiyotakiwa kuchapa. Chukua mfano wa kibao cha sentimita 15 kwa 15. Mistari ikipishana kwa milimita 0.1, mashine itapita mara 1,500. Ikiwa inakwenda milimita 300 kwa sekunde, na kila mwisho wa mstari ikatumia sekunde 0.2 kugeuka, kila mstari utachukua sekunde 0.7. Hizo ni sekunde 1,050, yaani dakika 17 na nusu. Kina cha kufaa kwa kitambaa ni milimita 2 hivi, na huenda kikahitaji kupitiwa mara tatu. Kibao kimoja kitakuwa kimekaa mashineni kwa takriban dakika 53.

Njia ya pili ni kukata na kubandika. Leza hufuata ukingo wa umbo tu na kulikata kutoka kwenye plaiwudi ya milimita 3. Maumbo hayo hubandikwa kwa gundi juu ya ubao wa kushikia. Ikiwa jumla ya kingo zote ni mita 2, na mashine inakata milimita 10 kwa sekunde, kazi itakwisha kwa sekunde 200, ambazo hazifiki dakika 4. Njia hii inafaa kwa majani makubwa, pembe, nyota na mistari minene. Kwa maandishi madogo na mihuri, kuchimba hakuepukiki.

Faida kubwa ya leza huonekana pale kazi inapokuwa na rangi zaidi ya moja. Kila rangi huhitaji kibao chake, na vibao vyote hutoka kwenye mchoro mmoja, hivyo hukutana mahali pake bila kubahatisha. Kibao kikichakaa, kingine kinachofanana nacho kabisa hukatwa kutoka kwenye faili lile lile. Ndiyo sababu faili la mchoro linapaswa kubaki mikononi mwa kikundi. Lisiachwe karakanani peke yake.

Kuchagua malighafi

Misindano inayovunwa katika Shamba la Miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, hupatikana kwa urahisi katika mikoa ya Iringa na Mbeya. Mbao zake zinafaa sana kwa mpini na ubao wa kushikia. Hazifai kwa kuchongwa michoro midogo, kwa kuwa pete zake ni laini na ngumu kwa kupokezana. Leza huchimba zaidi kwenye pete laini na kuacha matuta kwenye pete ngumu, na matuta hayo huchafua chapa. Kwa uso wa kibao ni afadhali plaiwudi isiyo na mapengo ndani yake, ubao mgumu wenye chembe ndogo zinazolingana, au akriliki.

Kwa mihuri hutumika mpira maalumu wa leza, wenye unene wa milimita 2.3 hivi. Mpira wa kawaida hutoa moshi mzito na harufu kali, na kingo zake hazitoki safi.

Onyo kuhusu plastiki

Kapeti za plastiki za kutandika sakafuni huitwa na baadhi ya watu lino. Linoliamu halisi hutengenezwa kwa mafuta ya kitani na unga wa gome la mti, nayo inachongeka vizuri. Kapeti za plastiki zinazouzwa kwa mita kwa kawaida ni PVC. PVC ikichomwa kwa leza hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, ambayo huunguza macho, koo na mapafu, na hugeuka tindikali inayokula vyuma na lenzi za mashine. Kipande kimoja kinaweza kumdhuru fundi na kuiharibu mashine siku hiyo hiyo.

Plastiki isiyojulikana ijaribiwe nje ya nyumba. Waya wa shaba uliovuliwa ganda hupashwa moto hadi uwe mwekundu, ukagusishwa kwenye plastiki hiyo ili uchukue chembe kidogo, kisha ukarudishwa kwenye mwali wa moto. Mwali ukigeuka kijani, plastiki hiyo isikaribie mashine.

Usalama wa karakana

Mashine ya leza ni jiko linalowaka ndani ya sanduku. Isiachwe peke yake ikiwa inafanya kazi, hata kwa muda wa kupokea simu. Kizimamoto kiwe karibu na kikaguliwe kwa wakati. Feni ya kutolea moshi itoe moshi nje kabisa, mbali na dirisha la jirani, kwa kuwa moshi wa plaiwudi na wa mbao za MDF una kemikali za gundi. Kifuniko kisifunguliwe wakati mwale unafanya kazi, na mashine ya diodi isiyo na kifuniko isitumiwe bila miwani iliyotengenezwa kwa ajili ya mwanga wa leza hiyo. Miwani ya jua haizuii chochote. Moto ukitokea, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na haitozwi.

Yapo mambo mawili yanayohusu mazingira yetu. Kwanza, umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine nyingi hupoteza mahali zilipokuwa zimefika na kibao huharibika, hivyo kifaa cha kuhifadhi umeme ni sehemu ya gharama. Pili, mrija wa leza hupozwa kwa maji. Katika sehemu za juu zenye jalidi mwezi Juni na Julai, maji yaliyoachwa ndani ya mrija yanaweza kuganda usiku na kuupasua. Maji yamwagwe, au chumba kitunzwe kisipoe hadi kiwango hicho. Yatumike maji yasiyo na chumvi, kama yanayoongezwa kwenye betri za magari.

Kuchapa kwenye kitambaa

Kitambaa cha pamba kifuliwe kwanza ili wanga wa kiwandani utoke, kisha kikaushwe na kupigwa pasi. Meza itandikwe blanketi na juu yake kitambaa safi, kwa sababu kibao huchapa vizuri zaidi kwenye uso unaobonyea kidogo. Rangi ya nguo ipakwe kwenye sifongo bapa, na kibao kigusishwe hapo. Kikitumbukizwa kwenye chombo cha rangi, sehemu zilizochimbwa hujaa. Masizi yaliyoachwa na leza yasuguliwe kwa mswaki mkavu kabla ya chapa ya kwanza, la sivyo yatatokea kwenye kitambaa cheupe. Baada ya rangi kukauka, kitambaa hupigwa pasi ya moto kwa muda ulioelekezwa na mtengenezaji wa rangi. Bidhaa isiuzwe kabla kipande cha majaribio hakijafuliwa. Mteja aliyerudisha kitambaa kilichochujuka harudi mara ya pili.

Mihuri na sheria

Urahisi wa kutengeneza mihuri una upande wa pili. Kughushi hati na mihuri ya ofisi za umma ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Karakana inayoombwa kutengeneza muhuri wa ofisi ya kijiji, kata, shule au zahanati inapaswa kudai barua ya ofisi husika na kuthibitisha kwa ofisi hiyo kabla ya kuanza kazi. Maelezo kwamba muhuri wa zamani umepotea hayatoshi. Muhuri wa kikundi uandikwe jina lile lile lililo kwenye cheti cha usajili. Nembo ya Taifa inalindwa na sheria yake, na haiwekwi kwenye bidhaa za biashara bila kibali.

Michoro ya vitenge na kanga za watu wengine nayo ina wenyewe. Hakimiliki inalindwa na sheria ya mwaka 1999, na ofisi inayoshughulikia jambo hilo ni COSOTA. Alama ya biashara ya kikundi husajiliwa BRELA. Mchoro uliobuniwa na wanakikundi hauna mgogoro, na mara nyingi ndio unaowatofautisha na wauzaji wengine sokoni.

Hesabu kabla ya mkopo

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mkopo huo haumaliziki kwa kusainiwa. Unarejeshwa, na marejesho ndiyo yanayokiwezesha kikundi kinachofuata katika foleni kupata zamu yake.

Tarakimu zifuatazo ni za kuonyesha njia ya kupiga hesabu. Bei halisi kila kikundi kiziulize sokoni. Tuseme kitambaa cha meza kinauzwa Sh 10,000, na malighafi yake ni Sh 6,000. Kinachobaki ni Sh 4,000. Kikundi kikilipia kibao Sh 30,000 katika karakana ya mjini, vitambaa 8 vinatosha kurudisha gharama ya kibao. Kikundi hicho hicho kikinunua mashine kwa Sh 8,000,000, kitahitaji kuuza vitambaa 2,000 kabla ya mashine kujilipa. Kwa mauzo ya vitambaa 40 kwa mwezi, hiyo ni miezi 50, yaani miaka 4 na miezi 2, na bado umeme, kodi ya chumba na mrija wa leza, ambao maisha yake huhesabiwa kwa saa, havijaingizwa. Marejesho hayatasubiri miaka hiyo yote.

Kwa kikundi kinachoanza, njia iliyo salama ni kununua kazi ya mashine kwanza, na kuinunua mashine yenyewe baadaye. Vibao viwili au vitatu, rangi, vitambaa na meza vinatosha kuonyesha kama wateja wapo. Kikundi kikishakuwa na daftari la mauzo la miezi kadhaa, na kikapata watu wengine wanaohitaji mihuri, ngao au mabango, mashine inaweza kuwa na hoja, kwa kuwa hapo haitategemea kazi ya kikundi peke yake. Andiko la mradi lenye daftari hilo lina uzito kuliko andiko lenye picha ya mashine na bei yake.

Mahali pa kupata huduma

Kikundi kinachotaka kusajiliwa au kuomba mkopo kianze kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ambaye hutoa maelekezo ya usajili na ya kujaza maombi katika mfumo wa kielektroniki. Masuala ya leseni hushughulikiwa na ofisi ya biashara ya Halmashauri. Kwa ushauri wa ufundi na biashara, SIDO, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1973, ina ofisi Mbeya na Iringa. Mafunzo ya ufundi stadi hutolewa na vyuo vya VETA katika mikoa yote miwili, na jijini Mbeya kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1986. Ni vyema kupiga simu kabla ya safari ili kujua mafunzo na mashine zilizopo kwa wakati huo.

Mwanakikundi aende na vitu vitatu: mchoro wake kwenye karatasi nyeupe, kipande cha kitambaa anachokusudia kukichapa, na hesabu iliyoandikwa. Kwa vitu hivyo, afisa au fundi ataweza kutoa ushauri unaohusu kazi yenyewe. Wanakikundi wote wasome hesabu hiyo kabla ya kusaini, kwa sababu deni la kikundi ni la kila mmoja aliyeweka sahihi yake.